Leaf ya 24 na Leaf ya 40: nimeendesha zote mbili hapa Kigoma, wewe uchukue ipi

Jamani mnaonisimamisha kila siku pale sokoni Mwanga, "dada hii gari yako inakula nini", na nyie wa Kasulu mnaotaka kuagiza ila hamjui mshike lipi, leo nimekaa naandika yote kwa mpigo maana nimechoka kurudia. Nilikuwa na Nissan Leaf ya 2013, gari ya umeme mtupu, ile yenye betri ya uniti 24, nimekaa nayo miaka miwili na ushee, mwaka jana nikaiuza nikachukua Leaf ya 2018 yenye betri ya 40. Nikisema uniti namaanisha uniti hizi hizi za umeme tunazonunua kwa LUKU, sio kitu kingine, na ukizielewa hivyo hesabu zote zinakuwa nyepesi. Jina moja, kampuni moja, ila usidanganyike na jina, ni kama mtumbwi wa kasia na boti ya injini, vyote vinaelea lakini huvitumi safari moja.

Kwanza mjue anayeongea anaishi vipi, maana ushauri wa gari bila kujua mtu anaenda wapi ni kelele tu. Nauza dagaa na mawese. Alfajiri nashuka Kibirizi kuchukua dagaa, duka liko Mwanga, nyumbani Gungu, siku nzima nikizunguka sana sijamaliza kilomita 30. Halafu mara mbili tatu kwa mwezi napanda Kasulu kupeleka mzigo. Hiyo Kasulu ndio imenifanya nibadilishe gari, na ndio kipimo changu kwenye kila nitakachosema hapa chini. Kama wewe maisha yako ni stesheni, Mwanga, Ujiji na kurudi, majibu yako yatakuwa tofauti na yangu, na nitakwambia wapi.

Ile ya kwanza nilinunua kishamba, nakiri. Niliuliza mambo mawili tu, mwaka na kilomita ilizotembea. Kilomita zilikuwa chache, elfu arobaini na kitu, nikafurahi, nikalipa, ikatoka Japani ikashuka Dar, toka Dar ikapandishwa kwenye lori la kubeba magari mpaka huku mwisho wa reli, maana zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili kwa gari inayotembea themanini kwa chaji moja ungelala njiani wiki. Siku imeshushwa nikawasha, dashibodi nzuri, inameta, inaongea Kijapani, nikaona upande wa kulia kuna vimstari vidogo. Nikahesabu tisa. Sikujua kitu. Baada ya mwezi ndio nikaja kujua vinatakiwa kuwa kumi na mbili.

Sasa hapo ndio somo lenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Leaf inaonyesha vitu viwili pembeni kwenye dashibodi na watu wanavichanganya. Kuna mistari mikubwa, hiyo ni chaji, leo imejaa kesho imeisha, kama simu. Pembeni yake kuna vimstari vidogo, hivyo ni uzima wa betri yenyewe, yaani ukubwa wa ndoo sio maji yaliyomo. Kimstari cha kwanza kikipotea ujue betri imeshapoteza kama asilimia 15, kila kinachofuata ni kama asilimia 6 hivi. Kwa hiyo changu cha tisa maana yake nilinunua betri iliyobaki asilimia 70 na kidogo. Kilomita chache hazikuisaidia kitu, maana betri ya hizi gari inazeeka hata ikiwa imepaki, tena inazeeka haraka ikikaa kwenye joto, na betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza kama wenzake, inategemea upepo unaopita chini basi. Hiyo ni Leaf zote mbili, ya zamani na hii ya 40, kwenye hilo hawajabadilika.

Ya pili sikurudia ujinga. Nilimwambia aliyekuwa ananiagizia kwamba sitaki picha ya matairi, sitaki picha ya viti, nataka picha ya dashibodi ikiwa imewashwa na picha ya simu yenye LeafSpy. Hiyo LeafSpy ni programu ya kwenye simu, unachomeka kidude cha OBD chini ya usukani, kinaongea na simu kwa bluetooth, kinakutolea asilimia ya uzima wa betri na hali ya seli moja moja, zinakuja jozi 96. Ukiona mistari yote imelingana ni betri nzuri, ukiona moja imezama peke yake kama jino bovu achana nayo hata kama gari inanukia upya. Hii yangu ilikuja na asilimia 91. Vimstari vyote kumi na mbili. Kwa hiyo mtu anayekuuzia akikwambia "betri iko poa tu bosi" mwambie poa ni asilimia ngapi.

Haya tuje kwenye kilomita, ndio mnachotaka.

Ile ya 24 kwa hali yake ilikuwa inanipa kama uniti 15 za kutumia kweli. Hapa mjini, spidi 40 mpaka 50, uniti moja inakwenda kilomita saba hivi, kwa hiyo mia moja nilikuwa nazipata bila presha, siku tatu sichomeki. Lakini ukiitoa mjini mambo yanabadilika. Kasulu ni karibu kilomita 100 na ni kupanda, ziwa letu liko mita 773 kutoka usawa wa bahari na Kasulu iko juu yetu mita mia nne mia tano hivi. Gari na watu na mzigo tuseme tani moja na nusu mpaka mbili, kuinyanyua tu hiyo mita mia tano ni uniti mbili na nusu zimeondoka, hapo hujahesabu kusogea mbele. Kwenye betri ya uniti 15 hiyo ni kama moja ya sita ya maisha yako imeliwa na mlima peke yake. Nilijaribu mara moja. Nilitoka Gungu imejaa, mimi na binti wa dukani na magunia mawili ya dagaa, AC nimezima, madirisha tumefungua, malori yananipita yananipigia honi, kila nikiangalia ile namba ya kilomita zilizobaki inashuka mbili barabara inakwenda moja. Bado kilomita kama kumi na tano kufika ikatokea picha ya kobe. Wasioijua, kobe ni gari inakwambia nguvu zimebaki za kutambaa. Nikatafuta nyumba yenye umeme pembeni ya barabara, nikabisha hodi, mama mmoja akanielewa baada ya kuelezwa mara tatu, nikamwachia hela ya uniti na nusu kilo ya dagaa, tukakaa pale masaa matatu tunamenya naye mihogo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba watoto wa pale waliita gari yangu gari bubu.

Hii ya 40 kwa asilimia zake 91 inanipa kama uniti 34. Kasulu naondoka na asilimia 100, nafika na 51. Nashuka mzigo, nakunywa chai kwa shemeji, narudi, naingia Gungu na 11. Safari nzima bila kuchomeka. Sasa kuna watu watasema 11 ni ndogo, na kweli ni ndogo, mvua ikiwa kubwa au upepo ukiwa wa mbele unaweza kufika na 5, kwa hiyo siku hizi wakati nakunywa chai kwa shemeji nachomeka kwenye soketi yake ya sebuleni, masaa mawili, uniti nne, roho inatulia. Angalia pia kitu kimoja, kwenda nakula karibu uniti 17, kurudi kama 14, pamoja na kwamba barabara ni ile ile. Mteremko unarudisha. Haurudishi wote, msije mkadanganywa kwamba ukishuka betri inajaa, inarudisha sehemu tu ya ulichopandia.

Na namba za kwenye matangazo achaneni nazo. Wajapani wameiandika Leaf ya 40 kilomita 400 kwa kipimo chao cha zamani, Ulaya hiyo hiyo wakaiandika 270, Marekani wakasema 243. Gari moja! Mimi nimeipata 240 mpaka 250 mjini na 200 na kidogo kwa Kasulu, kwa hiyo Wamarekani ndio wakweli zaidi kwa barabara zetu.

Kuchaji ndipo Leaf ya zamani inaishinda mpya, na hakuna anayesema. Betri ndogo inajaa haraka. Mimi natumia chaja ya kubebeka yenye plagi ya kawaida ya miguu mitatu, nimeiseti ampea 10, inavuta kilowati mbili na kitu, tuseme kila saa inaingiza uniti mbili. Ile ya zamani kutoka sifuri ilikuwa masaa saba nane, unachomeka saa mbili usiku, saa kumi na moja unakwenda Kibirizi imejaa. Hii ya 40 kutoka chini kabisa ni masaa 16, 17. Ukirudi Kasulu jioni na 11 na kesho alfajiri unatakiwa kwenda tena, haijai. Kwa mizunguko ya kila siku hainisumbui kwa sababu nakula uniti nne tano tu, masaa mawili matatu kazi imeisha, ila anayetaka kufanya teksi ya Kasulu kila siku alifikirie hili kabla hajatoa hela.

Na hapa kuna mtego. Leaf za soko la Japani zinakuja na chaja ya ndani ya kilowati 3, ya kilowati 6 ilikuwa ni ya kuongezea hela mtu alipokuwa ananunua mpya. Kwa nje huoni tofauti. Kwa hiyo unaweza kununua 40, ukamleta fundi umeme akavuta waya wa milimita 6 kutoka mein swichi na breka yake peke yake, umetumia laki kadhaa, halafu gari ikakataa kuvuta zaidi ya 3. Uliza mapema, mwambie anayekuagizia aangalie kama ina ile ya 6, kama anayo na bei imezidi kidogo, ongeza hiyo kidogo. Mimi sikuuliza. Yangu ni ya 3.

Lile tundu kubwa la pili pale mbele, la CHAdeMO, ni la chaja za haraka, zote mbili zinalo na zote mbili kwangu limebaki pambo. Toka nimekuwa na hizi gari sijachomeka hapo hata mara moja, hapa kwetu nichomeke wapi.

Tafadhali msitumie ekstensheni za buku tano. Mimi nilitumia wiki ya kwanza, usiku nikasikia harufu ya plastiki, nikadhani jirani anachoma taka, kumbe ni plagi yangu imeanza kulainika kama sabuni iliyolowa. Simu inavuta kidogo na inaacha, gari inavuta ampea 10 bila kupumzika masaa nane. Soketi iwe nzuri, waya mnene, na usiichomeke na pasi kwenye laini moja.

Kuhusu hela ya umeme, kuna kitu watu wa bei nafuu mkae chonjo. Kama nyumba yako ilikuwa kwenye ule mpango wa uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100, ukiweka na kodi ni kama 122, gari itakutoa humo. Lazima. Mimi nyumba yangu ilikuwa inakula uniti 60, inanitoka elfu saba na kitu, nilipoanza kuchaji gari nikapandishwa kwenye 292, na kodi ni kama 356 kwa uniti, sasa zile zile 60 za taa na friji zikawa elfu ishirini na moja. Gari yenyewe kwa kilomita kama 900 za mwezi inakula uniti 150 na kidogo, nikiweka na zile zinazopotea njiani wakati wa kuchaji, elfu hamsini na tano hivi. Ukijumlisha na hiyo adhabu ya nyumba bado ni chini ya elfu sabini. IST niliyokuwa nayo kabla, kwa mji huu wa vilima, ilikuwa kilomita 13 kwa lita, na lita ilipokuwa elfu tatu hivi ilikuwa laki mbili, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi unasubiri EWURA watangaze bei moyo uko mkononi. Hapa Leaf zote mbili ni sawa, tofauti ya ulaji ni ndogo sana. Kwa hiyo usinunue ya 40 ukidhani utaokoa umeme, utaokoa wasiwasi, sio umeme.

Kuna mtu aliniambia eti gari ya umeme Kigoma ni kujidanganya kwa sababu umeme wenyewe wa jenereta. Alikuwa na hoja, miaka mingi kweli mji wetu uliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, gari ya umeme hapa ingekuwa ni gari ya dizeli yenye mkia mrefu. Ila mkoa umeanza kuunganishwa na gridi, na gridi yenyewe sasa hivi ina lile bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Ubishi wake umebaki kwenye umeme kukatika, na hapo namuunga mkono. Betri kubwa ndiyo inakuokoa, ukikatika siku mbili na 40 imejaa wala husikii, na ile ya 24 nilikuwa naanza kupiga hesabu kuanzia asubuhi ya siku ya pili.

Uendeshaji. Mnaijua barabara ya Lumumba, kutoka Mwanga unashuka mpaka stesheni. Ile ya zamani unaweka gia kwenye B unaachia mafuta (tunaita mafuta tu, mazoea) inajishika, ila chini kabisa lazima ukanyage breki. Hii ya 40 ina kitu kinaitwa e-Pedal, ukiachia inapunguza mpaka inasimama kabisa na inajishika hapo hapo kwenye mlima, hairudi nyuma. Wiki ya kwanza niliichukia, kila nikiachia mguu abiria anaenda mbele kama anasujudu. Sasa hivi siwezi kuendesha gari nyingine. Breki padi sijabadilisha kwenye gari zote mbili. Lakini ukikaa juu na umeichaji mpaka 100, ile kushuka ya kwanza gari haijishiki vizuri maana betri imejaa, umeme wa kurudisha hauna pa kwenda, usije ukashtuka. Mimi nachomoa ikifika 80 kama sina safari, na betri inazeeka taratibu zaidi.

Nguvu, ya 24 ina kilowati 80, hii 110. Ukikanyaga kwenye taa za kijani, tuseme tungekuwa nazo nyingi, unamwacha mtu. Kwa kupanda na magunia inaonekana, ile ya zamani ilikuwa inapanda ila unasikia inafikiria.

Chini ya gari. Hapa ya zamani imeishinda tena, iko juu kidogo, sentimita 16 na hii ni 15, utasema sentimita moja ni nini, subiri upite kwenye matuta ya njia za mitaani ukiwa na watu wanne na ndoo za mawese. Betri yote iko chini sakafuni. Ina ngao ya chuma lakini ukisikia kruuu kwenye jiwe unaumwa tumbo. Rafu rodi za ndani ndani nakwenda na boda. Halafu zote mbili hazina spea tairi! Unafungua buti unakuta pampu ndogo na chupa ya gundi. Nilipata pancha maeneo ya Kidahwe, ubavuni mwa tairi, gundi ikatoka kama uji. Sasa natembea na tairi kamili kwenye buti, inakula nafasi ya gunia, ila buti ya hii ya 40 ni kubwa zaidi kwa hiyo bado napata.

Ugonjwa wa familia, wote wawili wanao, ni betri ndogo. Watu wengi hawajui gari ya umeme ina betri ya kawaida ya volti 12 kama gari yoyote, na hiyo ikifa gari haiwaki hata kama betri kubwa imejaa. Ilinikuta Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi, dagaa wameshapakiwa, nabonyeza, kimya, hata taa hakuna. Watu wakajaa. "Umeme umeisha", "ivutwe ipelekwe TANESCO", mmoja akasema inataka kumwagiwa maji ya ziwa, sijui kwa nini. Akaja dereva wa Probox na waya zake mbili, akabusti kama anavyobusti gari yoyote, dakika moja ikaamka. Nilinunua betri ndogo mpya, saizi ya hizi gari ndogo za Kijapani, dukani ipo, habari ikaisha. Nunua kabla haijakuaibisha.

Mafundi, usitegemee sana. Bushi, shokapu, tairi, boli joint, fundi wako yule yule atafanya, hiyo ni gari kama gari. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa taimingi. Ila akiona nyaya za rangi ya chungwa aache, humo kuna volti zaidi ya 300, sio za kushika na bisibisi ya kutesti. Fundi wangu alizitazama akarudi nyuma hatua mbili akasema "mama, hii ya huku mbele mimi sijaiona", na nilimheshimu kwa hilo.

Kijapani kipo kwenye zote. Redio, ramani, yule dada anayekusalimia ukiwasha. Nimeshamzoea, namjibu kwa Kiha, mwakeye.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikuchukua BYD, gari ya umeme ya Wachina, kaka yangu wa Dar kila siku ananiuliza hilo. Atto 3 ni uniti 60, betri yake ni ya aina nyingine, ile ya blade, inavumilia kuchajiwa mpaka 100 mara kwa mara na ina mfumo wa kuipoza, na unaweza kuchomoa umeme humo ukawasha friji ya nyumbani ukikatika. Kasulu kwenda na kurudi na bado nusu ya safari nyingine. Ni gari nzuri kuliko hizi zangu zote, sibishi. Ila bei yake mimi ningeuza na duka. Na tundu lake la kuchaji ni tofauti, chaja ya Leaf ya Japani haiingii, wanaotaka kuwa na mbili nyumbani walijue hilo.

Bei za Leaf nazo angalieni vizuri. Ya 2013 huko Japani ni rahisi sana, unaona tangazo unacheka, ila ikishapita miaka 8 TRA wanaongeza kodi ya uchakavu, na ikipita 10 inaongezeka tena. Ingia kwenye kikokotoo chao mtandaoni uweke mwaka na modeli kabla hujatuma hata senti. Ukiweka kodi, usafiri wa meli, lori la kuleta Kigoma ambalo haliangalii gari mpya au kuukuu, bei ni ile ile, utaona ile tofauti kubwa ya kwenye tangazo imekuwa ndogo. Ndio maana siku hizi mtu akiniuliza kuhusu kuagiza ya 24 kutoka nje namwambia hapana, lori peke yake linaua maana. Ya 24 inunue kwa mtu ambaye tayari anayo hapa hapa, uione vimstari vyake kwa macho yako, uiendeshe kutoka stesheni mpaka Mwanga na kurudi. Vikiwa tisa kwenda juu na wewe ni wa mjini tu, chukua, utakula raha. Vikiwa saba muache nayo. Ya 40 ndio ya kuagiza, asilimia isishuke chini ya 85 kama una Kasulu au Manyovu kwenye maisha yako, maana chini ya hapo kurudi kunaanza kuwa kamari.

Yangu ya zamani alichukua mwalimu mmoja anakaa Mwanga anafundisha Ujiji, kwenda na kurudi hazifiki kilomita 20, gari na mtu wamependana. Juzi saa moja asubuhi akanipigia, sauti ya mtu aliyefiwa, "dada shikamoo, samahani, kuna picha ya kobe imetokea hapa na jana nililala nimeichomeka usiku kucha". Nikamwambia marahaba mwalimu, soketi uliiwasha? Akasema ndiyo. Waya umekaza? Umekaza. Na LUKU umeiangalia?

Akanyamaza. Nikasikia mlango unafunguliwa, ndala zinatembea, halafu mkewe kwa mbali anauliza kwani friji nayo mbona imezimika.